"Limezeeka" Si Ugonjwa

Neno ninalolichukia kuliko yote katika gereji zetu si "kesho", ingawa "kesho" nayo imeshatula sana. Ni "limezeeka". Unapeleka gari, linapigwa stata haliwaki. Au linawaka likitetemeka kama mtu mwenye homa, na ukiachia mafuta linazima. Fundi anainama kidogo juu ya injini, anafuta mikono kwa tambara, anasema: "Bosi, gari limezeeka hili." Nawe unatikisa kichwa kana kwamba umeambiwa jambo.

Hujaambiwa kitu. Uzee ni hesabu ya miaka. Ugonjwa una anwani: uko kwenye waya fulani, kwenye tundu fulani la kabureta, kwenye kipande fulani cha chuma kilichoota ukungu mweupe. Anayekutajia umri wakati umemwuliza ugonjwa amekukwepa. Na kwa kuwa hajui ugonjwa uko wapi, hatua yake ya pili ni kununua. Tubadilishe koili. Haikusaidia? Tuweke plagi mpya. Bado? Basi ni hedi, tufungue injini yote. Hiyo mimi naiita kamari, na hela inayochezewa si ya fundi.

Ninaposema haya nina mahali maalumu kichwani. Ikola iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Katavi, na duka la spea la maana liko Mpanda mjini, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ambayo masika huamua yenyewe nani apite. Mkazi wa Dar es Salaam akibahatisha, anatuma bodaboda Kariakoo na kusubiri akinywa soda. Mkazi wa Ikola akibahatisha, analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, anapoteza siku mbili, na migebuka iliyopaswa kufika Mpanda inabaki kuliwa na walioivua. Kwa hiyo msinione mkali. Kubahatisha ni ushuru, na unapanda kadiri unavyokaa mbali na mji.

Gari lenyewe ni la baba yangu mdogo: Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilizitoa Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Wazee wa Katavi wanaijua kama gari la mkuu wa wilaya, gari la misheni, gari la bwana nyama. Hilo la baba mdogo limepitia mikono mingi na sasa linabeba samaki, magunia, na mara kwa mara mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku. Watoto huliita mkweche. Yeye huliita "ofisi".

Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika mpaka 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini bila samaki hakuna mzigo, na bila mzigo ofisi ilifungwa: miezi mitatu gari lilisimama chini ya mwembe. Ziwa lilipofunguliwa, likagoma. Betri ilikuwa imelala, ikachajiwa. Stata ikazungusha, injini haikushika. Vijana wakalisukuma hadi likashika kwa shida, likawa linapiga kelele kama ngoma iliyopasuka, linatetemeka bodi nzima, na halikukubali kukaa kwenye silensa mpaka uvute choki.

Fundi wa kwanza alisema koili. Ikanunuliwa Mpanda, ikafungwa, hali ikawa ileile. Kisha plagi nne mpya. Hali ileile. Fundi wa pili hakufungua hata mfuniko wa distributa. Alisikiliza mlio, akasema hedi imepinda na gasketi imeungua, akataja bei ya ovaholi iliyomfanya baba mdogo akae chini kwenye mzizi wa mwembe. Wa tatu hakuwa fundi, alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na aluminiamu hupimwa kwa kilo. Alikuja na mzani.

Tazama mwenendo wa mambo. Watu watatu wametoa hukumu tatu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Hakuna aliyesema, "Lilianza lini?" Daktari wa zahanati ya kijijini mwenye foleni ya watu sitini anakuuliza lilianza lini. Mganga wa kienyeji naye anauliza. Kwenye gari tumeridhika na mtu anayetibu bila kuuliza.

Aliyeuliza alikuwa fundi wa injini za boti, kijana ambaye hajawahi kumiliki gari na ambaye alikuja pale kuomba kuazima jeki. Nilikuwapo. Aliinama kumsalimu mzee.

"Shikamoo mzee. Lililala muda gani?"

"Marahaba. Tangu ziwa lifungwe."

"Na siku linaegeshwa lilikuwa zima?"

"Zima kabisa. Lilitoka Mpanda siku hiyohiyo na mzigo wa unga."

"Basi mzee, haliwezi kuwa limezeeka kwa miezi mitatu."

Sentensi hiyo ina thamani kuliko koili mpya. Sikiliza mantiki yake. Hedi haipindi ikiwa imelala chini ya mwembe. Gasketi haiungui kivulini. Gari lililoegeshwa likiwa zima na kuamka likiwa gonjwa limepatwa na kitu kinachowapata walalao: betri hufa, petroli huchacha na kuacha utomvu ndani ya kabureta, unyevu wa ziwa hula sehemu za kugusana za umeme, na panya hutafuta nyumba. Orodha imeshakuwa fupi kabla hujashika spana, na hujatumia senti.

Nilimwuliza baadaye kwa nini yeye huuliza na wenzake wa nchi kavu hawaulizi. Akasema ziwani ukikwama hakuna wa kukusukuma. Upepo ukianza na injini imezima, huwezi kujaribu koili halafu plagi halafu hedi. Unakwenda moja kwa moja kwenye kitu chenyewe au unakwenda na maji.

Injini ya petroli, ya boti au ya Land Rover, inataka vitu vichache: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inayofika kwa wakati. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Kikiwa dhaifu, inawaka kwa manung'uniko. Kazi yote ya kutafuta ugonjwa ni kuuliza ni kipi, na kuuliza kwa njia ambayo injini yenyewe inajibu. Kijana aliwasha taa kubwa na kumwambia baba mdogo apige stata: taa zikafifia kidogo lakini hazikuzimika, kwa hiyo betri ilikuwa na nguvu ya kutosha. Akafungua plagi moja, akailaza juu ya chuma cha injini mbali na petroli, stata ikapigwa: cheche ikatoka, lakini ya manjano, nyembamba, kama kiberiti kilicholowa. Cheche yenye afya ni ya buluu na ina mlio.

Koili mpya ilikuwa pale, plagi mpya zilikuwa pale, na cheche ilikuwa bado ya manjano. Akafungua distributa. Ndani yake mna vile vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, mafundi wa zamani huviita pointi. Vilikuwa na ukungu mweupe. Umeme wa koili hupita hapo. Pakiwa na ukungu, hata ukifunga koili kumi utapata cheche ya mgonjwa. Msasa laini, kitambaa kikavu, kisha upenyo ukapimwa kwa kibati, milimita 0.35 hadi 0.40 kama injini hii inavyotaka. Cheche ikawa ya buluu. Hakuna kilichonunuliwa.

Na ile koili ya zamani? Baba mdogo, kwa bahati, ni mtu asiyetupa kitu. Alikuwa ameiweka kwenye kopo la rangi. Ilipimwa kwa mita: omu tatu na ushei, kama inavyotakiwa. Ilikuwa nzima siku ilipotolewa. Hapa niseme jambo ambalo mafundi wengi hawatalipenda: kifaa kipya si ushahidi wa kitu chochote. Siku hizi kondensa na rota za bei rahisi zinaweza kufa zikiwa bado zinanuka plastiki ya dukani. Ukibadilisha kizima kwa kibovu, umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza, na sasa hata anayejua atapotea. Kile cha zamani kidai, ukae nacho, mpaka kipya kithibitike.

Gari likawaka kwa stata. Lakini bado lilitetemeka, na bado lilidai choki. Hapa ndipo mtu wa kubahatisha angerudi kwenye wimbo wake wa hedi. Kijana akasema choki ni jibu, si tatizo. Choki hupunguza hewa na kuongeza petroli; injini isiyotulia bila choki inakwambia inapata hewa nyingi au petroli kidogo. Ama hewa inaingia kwa wizi mahali fulani, ama tundu la petroli la silensa limeziba. Akanyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifoldi: mlio haukubadilika, hakuna wizi. Kwa hiyo tundu. Akaifungua jeti ndogo, akaitazama dhidi ya mwanga: giza. Petroli ya miezi mitatu ilikuwa imeganda humo. Aliisafisha kwa petroli mpya na pampu ya baiskeli. Hakutumia waya, maana waya hupanua tundu, na tundu lililopanuliwa halirudi.

Ukweli uwe ukweli: kabureta ya Zenith ya injini hizi ina maradhi yake ya utu uzima. Mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto, na kampira kake kadogo ka duara hukauka, petroli ikapita pasipotakiwa na silensa ikaharibika. Huo ni uzee, sikatai. Lakini ona: hata uzee ukiwa na hatia, unakamatwa mahali, unasawazishwa kwa kioo na msasa, na kampira kanabadilishwa.

Ikabaki kutetemeka. Injini ilikuwa inamisi kwa mpangilio uleule, moja kati ya nne. Kijana akashika waya za plagi kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa, akizichomoa moja baada ya nyingine huku injini inanguruma. (Usilifanye hili kwenye gari lako la kisasa, unaweza kuua koili zake na ukapigwa shoti ya kukumbuka.) Akichomoa ya kwanza, mlio unazidi kuharibika: silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hakuna mabadiliko. Mvivu amepatikana. Sasa, mvivu ni plagi, au waya, au silinda yenyewe? Akahamisha plagi ya tatu kwenda ya nne na ya nne kuja ya tatu. Uvivu ukabaki palepale pa tatu, kwa hiyo plagi haina kosa. Ukabaki waya au silinda, na kwa hilo akatuambia tusubiri jua litue. Giza lilipoingia, boneti ikafunguliwa, injini ikawashwa, na kwenye waya wa tatu, karibu na ukuta wa injini, tukaona uzi wa buluu ukiruka kwenda kwenye chuma. Panya alikuwa ametafuna ganda la waya.

Waya mmoja. Hicho ndicho kitu pekee ambacho gari hilo lilihitaji kutoka dukani, baada ya koili, plagi nne, safari za Mpanda, na mzani wa vyuma chakavu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa fundi wa mtaani hana vifaa. Kijana yule alitumia taa za gari lenyewe, macho, kitambaa, pampu ya baiskeli na giza, na giza Ikola hatulipungukiwi. Mita tu ndiyo aliyoiazima. Nitaambiwa fundi wa leo amekulia kwenye Toyota na hajawahi kuona pointi. Hilo nalikubali, tena namhurumia, lakini kijana wa boti naye hakuwa amewahi kuliona gari hilo. Asichokijua alikifuata kwa swali. Nitaambiwa mteja mwenyewe ndiye tatizo, anataka gari leo na hataki kulipia "kuangalia tu". Hapo mmenipata. Tunalipa kifaa kwa sababu tunakiona mkononi. Saa mbili za mtu anayefikiri tunaziona wizi. Fundi anayeishi kwa faida ya spea atatuuzia spea. Tumlipe kwa kupima, kisha tumdai majibu ya kipimo.

Wengine watasema hayo ni mambo ya mikweche, magari ya sasa yanapimwa kwa mashine. Hao ndio wanaonikera zaidi, maana wengi ni rika langu na wana shahada. Chomeka mashine yako, ikupe P0300. Maana yake ni kwamba injini inamisi ovyo kwenye silinda zaidi ya moja. Hilo ulikuwa unalijua. Ndilo lililokuleta gereji. Mashine imekutajia dalili kwa lugha ya kizungu na wewe umesikia dawa. Nimeona watu wakibadilisha koili zote nne kwa msimbo huo kabla ya mtu yeyote kuuliza kama mafuta yaliyojazwa jana yalikuwa na maji. Kamari ni ileile, imevaa suti.

Na tusijifanye tabia hii ni ya gereji tu. Kwa miaka mingi katika nchi hizi homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka, dawa ya malaria. Asipopona, dawa kali zaidi ya malaria. Na nimonia iliyokuwa kifuani ikaendelea kula. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Vipimo vya haraka vikafika hata zahanati za vijijini, na leo mama wa Ikola mwenyewe anauliza, "Amepimwa?" Watu waliokuwa wakipokea vidonge bila swali walijifunza kuuliza. Sioni kwa nini mama huyohuyo, akiambiwa koili imekufa, asiulize iwapo imepimwa.

Huku ziwani tunao mfano mkubwa kuliko gari. MV Liemba, ambayo kwa miaka mingi Ikola ilikuwa moja ya vituo vyake, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani, wakiwa wanarudi nyuma, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nene. Meli ilikaa chini ya maji mpaka 1924. Ilipoinuliwa, mitambo ilikutwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina tulilolijua. Fikiria mnunuzi wetu mwenye mzani angesema nini juu ya injini iliyotoka kulala miaka minane ziwani.

Oktoba 2024, miezi miwili tu baada ya mwembe na mzani, mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kuisaka rekodi ya dunia ya msafara mrefu, iliyokuwa mikononi mwa Ujerumani. Picha zilijaa kwenye simu zetu. Zilikuwapo za umri wa lile la Ikola, zimepakwa rangi, zimefungwa bendera, na hakuna aliyesema zimezeeka. Nilifurahi, nisiwe mnafiki. Ila nilijiuliza ni wangapi kati ya waliobonyeza alama ya moyo wangekubali kusimama saa mbili kwenye giza kutafuta uzi wa buluu, badala ya kumwita mwenye mzani.

Gari la baba mdogo bado lina kasoro. Likiwa la moto huwa zito kuwaka, stata inazunguka kwa uvivu. Juzi amepigiwa simu na mtu anayemuuzia stata mpya, bei nzuri, italetwa na basi. Akaniambia, "Mwanangu, ngoja kwanza." Akapiga stata sekunde chache, akazima, akafungua boneti, akaanza kupitisha vidole kwenye maungio ya nyaya nene, moja baada ya jingine. Ncha za betri zilikuwa baridi. Waya unaotoka kwenye chesisi kwenda kwenye injini, pale ulipobanwa kwa bolti yenye kutu, ulikuwa wa moto kiasi cha kuondoa kidole. Akaniomba spana ya kumi na tatu.